Firigisi ya Gabrieli

Jumamosi, 10 Februari 1996

Daftari jipya. La zamani panya wamelitafuna kuanzia Pasaka mpaka Krismasi, na sidhani kama wamepata cha maana humo.

Leo Gabrieli kaja kwangu na mdomo umevimba. Mdogo wangu huyu ana miaka ishirini na mbili, kazi yake ni kushusha matenga ya kabichi kutoka mashambani Nyandira mpaka lori linapofika, na hajawahi kupigana na mtu – wakishamwangalia mapaja wanaomba radhi wenyewe. Nikadhani kavamiwa. Hapana! Kacheza mpira. Mpira gani unapasua mdomo? Akanieleza, nikacheka mpaka chai ikamwagika. Mpira wenyewe una umbo la papai. Unashikwa kwa mikono. Ukitaka kwenda mbele, unamrushia mwenzio aliye nyuma. Na ukiwa nao, wanaume kumi na watano wana ruhusa ya kukuangusha, refa anatazama tu!

Unaitwa raga. Mwenye papai ni Mista Owen, mzungu wa Wales, injinia wa mifereji ya mpunga kule Dakawa. Jumamosi huwachezesha wanafunzi wa chuo cha kilimo. Gabrieli alikuwa amepeleka karoti jikoni chuoni, akakuta wamepungukiwa mtu mmoja. Akaweka tenga chini, akaingia.

Anasema walishindwa kumwangusha. "Dada, watatu walinirukia mgongoni. Sasa hao watatu ni wazito kuliko tenga?"

Nimempaka mafuta ya mgando mdomoni. Kala ugali wa watu wanne.

Jumapili, 3 Machi 1996

Mista Owen kaja hapa kwangu Kilakala, mjini, na gari la mradi. Kakaa kwenye kiti changu chenye mguu mbovu, nikaomba Mungu. Anasema tangu mwaka jana raga kwao imekuwa ajira kamili, mtu anaajiriwa kama dereva au mwalimu. Anataka kuiandikia klabu ya mji wake wamjaribu Gabrieli. Wanahitaji barua ya mzazi.

Baba akasaini hapohapo. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na yeye apunguzwe, anakaa kwangu na hajapata karatasi ya kusaini. Leo kaipata! Saini yake ina mkia unaofika ukingoni. Kiingereza nimekiandika mimi, kama kawaida, kwani mwalimu wa Kiingereza katika ukoo huu ni sawa na kisima cha kijiji.

Naona furaha, na naona wivu kidogo. Mimi nimefundisha mambo ya London miaka saba na sijavuka Chalinze zaidi ya mara tatu.

Jumanne, 6 Agosti 1996

Gabrieli kaondoka jana. Suti ya mitumba, mikono imemfika kwenye viwiko. Nimelia mpaka nimeaibika mbele ya dereva.

Leo asubuhi, balaa. Mjomba Tomasi kashuka kutoka milimani na jogoo mwekundu kwapani, kaja kumwombea mpwa wake njia njema. Mpwa yuko angani!

Hakuna aliyemwambia siku. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba ni mgeni anayeheshimiwa, hata akikaa miaka arobaini. Baba analijua hilo. Mama analijua, yuko hukohuko Nyandira kwenye ardhi ya ukoo wake, kila mmoja alidhani mwenzake kasema. Na mimi, mwenye diploma ukutani, nilipeleka barua ya mzazi bila hata kumkumbuka Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mmeniibia mtu."

Chai kakataa. Kakaa uani na jogoo wake mpaka saa sita, kisha kapanda mlima. Jogoo naye alinitazama vibaya.

Jumapili, 11 Agosti 1996

Nimepanda Nyandira na Baba kuomba radhi. Lori lilituacha njiani, tukatembea mwendo wa saa nne. Nilifika sina magoti.

Wazee walikuwa wamekaa. Mama kampigia magoti kaka yake, Baba kaongea maneno mazuri mengi, pombe ya faini ikanywewa. Mjomba akalainika. Akaamuru jogoo yule yule mwekundu achinjwe, tule, yaishe. Chakula kikaja. Kando kukawa na kisahani kimoja, ndani yake firigisi peke yake.

Nilikuwa na njaa! Sikuwa nimekula tangu alfajiri. Nikaichukua nikaila.

Mikono ya wazee ikasimama juu ya sinia. Kisha bibi mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote, Mama akafunika uso kwa khanga.

Kumbe kile kisahani kilikuwa cha Gabrieli. Mjomba ndiye mwenye jina la Kibuko: analinda ardhi ya ukoo, anaamua ugomvi wa mipaka, analala kwenye nyumba ya jina. Anayekula firigisi ya jogoo mwekundu aliyechinjwa na mwenye jina amekubali kumrithi. Fungu la Gabrieli liliwekwa lionekane tu, kwamba ingawa kasafiri, yeye ndiye.

"Basi," Mjomba akasema huku anajifuta machozi ya kicheko, "mwalimu kamshikia ndugu yake. Mwanamke anaweza, dada wa marehemu bibi yenu mzaa mama alishika miaka kumi na mmoja. Ila anayeshika haolewi nje ya mlima. Mpaka mwenyewe arudi aile."

Nikacheka na mimi. Kuolewa! Nina miaka ishirini na tisa, hapa kijijini nimeshahesabiwa pamoja na samani.

Jumatano, 13 Novemba 1996

Barua ya kwanza kutoka Wales! Kaandika kama mtu anayepanga kabichi, maneno yamebanana.

Mvua huko ni ile ile ya kwetu, anasema, ila hakuna ndizi. Alianza timu ya akiba, sasa yuko timu kubwa, anacheza mbele kwenye kusukumana. Wanaume wanane wanainama, wanashikana mabega, wanasukuma wanane wengine. Kocha alimuuliza alijifunza wapi kuweka mgongo vile. Akamwambia, barabara ya Nyandira ikiwa na tope. Wamempa jina la Lori. Sikio lake moja limevimba na limegoma kurudi lilivyokuwa.

"Dada," kaandika mwishoni, "hapa nikikimbia watu elfu tatu wanasimama. Kwetu nilikuwa nakimbia na tenga, wanasimama kunipisha tu."

Nimeisoma mara nne. Nimemsomea Baba, kaniuliza kama sikio linasikia.

Jumamosi, 12 Aprili 1997

Kanda ya video imefika kwa mkono wa Mista Owen. Deki ipo kwa jirani, Mama Riziki, aliyenunua baada ya biashara yake ya mitumba kuchanganya. Tukajaa sebuleni kwake. Mama kashuka kutoka Nyandira, Mjomba naye yupo, alikuja hospitali kwa kikohozi chake.

Gabrieli kaonekana! Mnene shingoni, kaptura fupi. Mama akaanza vizuri, akamsifu kwa weupe wa soksi. Kisha watu watano wakamwangukia. Mama akasimama mbele ya televisheni: "Mwachieni mwanangu! Hana baba huko!" Baba yupo kwenye mkeka pale pale. Ikabidi Mama Riziki arudishe kanda nyuma kutuonyesha kwamba aliinuka.

Mjomba alitazama kanda mpaka mwisho. Kisha: "Kumbe mchezo wenyewe una akili. Mwenye nao hafiki mbali bila kuwapa walio nyuma yake." Akachukua ugoro wake. "Ila huyu mpwa wangu mbona hawapi? Anabeba tu."

Mimi niliona kitu kingine. Alipoinuka kwenye lile fungu, uso mzima tope, alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile tangu tukiwa wadogo, na jambo hilo limenifurahisha na kuniuma kwa pamoja.

Jumapili, 14 Septemba 1997

Elia kaleta posa!

Sijamwandika sana humu, kwa kuogopa kijicho, hata cha daftari. Elia ni Mhehe, fundi wa mashine, anafanya kazi kiwanda cha Mzinga. Tulikutana kanisani, kwaya, yeye besi. Haongei sana. Akiongea anasema ukweli, jambo ambalo kwenye uchumba ni hatari. Siku ya kwanza aliniambia kiti changu kina mguu mbovu, siku ya pili alikuja na nyundo.

Washenga wake wamepanda Nyandira leo na jibu limerudi jioni. Mjomba hana neno na Elia. Kamsifu mikono. Lakini: "Huyu binti kala firigisi ya Gabrieli. Elia atamhamishia Iringa siku moja, na mimi kifua hiki hakinisubiri. Gabrieli akija akaila mwenyewe, nawapa mke wenu hata kesho."

Nilicheka tena? Hapana. Leo sikucheka. Ningeweza kusema ni mambo ya kizamani, nikafunga ndoa yangu, na nani atanifunga? Ningeweza. Lakini kitovu changu kimezikwa pale. Kibuko akikosekana, wale wajomba wa tawi la pili la ukoo, ambao tayari wanaonyesha wanunuzi wa mjini mipaka ya bonde letu, watakula ardhi ya Mama akiwa hai. Na nilikula. Mbele ya wote nilikula.

Elia alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza firigisi yenyewe ilikuwa na chumvi?

Nimemwapisha asimwandikie Gabrieli. Akijua, atarudi na ndege ya kwanza, namfahamu. Nami sitaki arudi kwa sababu ya tumbo langu.

Ijumaa, 19 Desemba 1997

Mvua. Mvua. Mvua. Redio inaiita Elnino, kama jina la mchezaji. Barabara ya Mgeta, ya kupandia Nyandira, imekatika sehemu tatu, kabichi zinaozea juu, mjini kabichi moja inauzwa kama mbuzi.

Mjomba kashushwa kwa machela na vijana wanane. Mapafu. Nimempelekea uji hospitalini. Kapungua, shati limekuwa kubwa, lakini mdomo uko palepale: kaniuliza kama huyo Mhehe bado anaimba au keshapata mwanamke wa sauti ya kwanza kwingineko.

"Bado anaimba, Mjomba."

"Ana subira. Wewe je?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu, subira nalipwa kwayo. Akashika mkono wangu. Naye hafurahii jambo hili, nimeliona leo. Analishika kwa sababu naye aliachiwa alishike.

Gabrieli katuma kipande cha gazeti. Picha yake, na maandishi: THE LORRY FROM TANZANIA. Nimekibandika staff room. Mwalimu wa michezo kauliza ni mwizi gani.

Jumatatu, 8 Juni 1998

Kafika! Msimu umekwisha, kapewa likizo. Mlangoni kwangu kapita ubavu. Sikio la kushoto limejikunja kama uyoga. Kanipigia magoti kunisalimia, "Shikamoo dada," na sakafu ikaitika.

Kaniletea kalamu ya wino, Baba koti la mvua, Mama soksi nyeupe za timu. Kiswahili chake kimeota "you know". Nimemwonya kwamba Mjomba akisikia atamwogesha.

Kauliza mbona Elia anakuja kila siku na hanioi. Nikasema anarekebisha viti. Kahesabu viti. Vipo vinne.

Alhamisi, 11 Juni 1998

Kijana wa duka la faksi na fotokopi karibu na posta kaja mbio na karatasi yenye joto. Klabu kubwa ya Uingereza inamtaka Gabrieli. Siyo ya mji mdogo hii, ndiyo ile ambayo hata Mista Owen aliitaja kwa kushusha sauti. Miaka mitatu. Jibu liwafike Jumatatu, tarehe 15.

Gabrieli kaisoma kwa kidole, polepole, midomo inatembea. Kisha kanipa. "Tunza wewe, dada. Jibu utaniandikia."

"Niandike nini?"

"Si tutoke kwanza Nyandira Jumapili, Mjomba ametuita."

Karatasi iko humu, katikati ya kurasa hizi. Maandishi yake yameanza kufifia kwa joto, ndivyo zilivyo hizi za faksi. Kesho nitazinakili tarehe na namba kwa kalamu mpya.

Miaka mitatu! Nitakuwa na thelathini na nne. Nimeandika namba hiyo nikaitazama. Haijabadilika.

Jumamosi, 13 Juni 1998

Nyandira, kwa Mama. Tumepanda wote: Baba, Gabrieli, mimi, na Elia, ambaye hakualikwa na alibeba mzigo mzito kuliko wote baada ya wa Gabrieli. Barabara wameitengeneza nusu. Pale lori lilipokwama Gabrieli alishuka, akainama, akaweka bega. Lori likatoka. Dereva anataka kumwajiri.

Mjomba kajikongoja na fimbo mpaka njiani kumpokea. Kamshika mpwa wake masikio yote mawili, kalipima lile bovu kwa vidole. "Wamekukunja, mwanangu." Gabrieli akalia waziwazi, jitu zima, na Mjomba akalia, na Mama, na mimi nilikuwa naanza Elia akanipa leso yenye grisi.

Kesho jogoo mwekundu. Mjomba anasema kifua chake hakina msimu mwingine. Kisahani kitawekwa kati yetu wawili, Gabrieli na mimi, mmoja ale, yaishe. Akila Gabrieli, analala nyumba ya jina, hatoki mlima huu zaidi ya mwezi. Nikila mimi, ninahamia hapa. Shule ipo, walimu wanahitajika.

Alasiri Gabrieli na Elia waliteremka mtoni kuoga. Walikaa sana. Wamerudi, na Gabrieli hakunitazama. Elia, uliapa! Nimemvuta kando nikamuuliza kamwambia nini. Akasema hakuandika chochote. Ni kweli, nilimwapisha asiandike. Mhehe huyu!

Jumapili, 14 Juni 1998

Jikoni kwa Mama, daftari gotini, moshi machoni. Misa imekwisha. Wazee wako uani. Jogoo yuko chunguni, mzee kuliko mimi, anachemka tangu saa tatu na bado mgumu.

Nimeamua. Nitakula mimi.

Nimeamua wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe, sijui padri kasema nini. Nilimwona Gabrieli kwenye ile kanda anavyoinuka na tope. Mtu hapewi furaha ile mara mbili. Ana miaka ishirini na nne, magoti mazima, na timu kubwa inamwita kwa jina. Mimi najua kufundisha, na watoto wa hapa nao wana haki ya kujua Kiingereza kibovu ni kipi. Elia atapata mwingine, wanawake wapo. Sentensi hiyo nimeiandika vizuri lakini siiamini. Nampenda Elia. Nampenda na viti vyangu vyote vinasimama sawa.

Lakini nilikula mimi, tena kwa ulafi. Nitamalizia nilichoanza. Kisahani kikija nitaichukua upesi kabla Gabrieli hajanyoosha mkono, nami najua kula upesi, ukoo mzima ni shahidi. Kesho nitashuka mpaka dukani kupeleka faksi. Nimeshaandika mwanzo nyuma ya karatasi yao: Dear Sir, I am pleased –

Firigisi nimeiweka juu kabisa ya nyama, pembeni, niione nikifungua.

Gabrieli kaingia sasa hivi. Anataka chumvi. Chumvi ya nini? Kanituma kwa Mama stoo. Nimerudi nayo hayupo.

Mjomba anaita, "Mwalimu! Kisahani!"

Nimefunua chungu. Shingo ipo. Miguu ipo. Ini lipo. Nimekoroga kwa upawa mpaka chini, nimehamishia kila kipande kwenye sinia. Haipo!

Mlango uko wazi. Gabrieli kakaa juu ya kinu, kanipa mgongo. Elia kasimama kando yake anatazama mlima kama ndio umeletwa leo. Na lile sikio la uyoga linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

Anatafuna.

Mjomba anaita mara ya pili. Wazee wamegeuka. Gabrieli naye kageuka, shavu limejaa, machozi yanamtiririka, kwa pilipili au kwa lingine sijui, na ananiashiria nilete kisahani hivyo hivyo, kitupu.

Jogoo mzee hatafuniki upesi. Bado hajameza. Moyo wangu umepiga kelele, Gabrieli, tema! Na moyo huohuo, Mungu anauona, umesema, meza.

Mara ya tatu. Nakuja, Mjomba, nakuja –